Kufuli la Shomvi

Bi Sikudhani aliiweka simu ya marehemu bintiye mbele ya Shomvi, mtengenezaji wa programu ya kurekodia sauti ambayo binti huyo alikuwa akiitumia.

"Nifungulie, mwanangu. Nataka nimsikie tu."

"Bila neno lake la siri, mama, hata sisi wenyewe hatuwezi."

"Kufuli hili nani kalitengeneza?"

"Mimi."

"Basi fungua ulichofunga."

Mwaka jana wenzake Shomvi kazini walimpigia makofi kwa kufuli lile lisilovunjika. Sasa akamgeuzia mama kompyuta, ajionee kwamba hakuna mlango wa siri uliofichwa. Mistari yote ya maagizo yanayoiendesha programu ilikuwa wazi, yeyote duniani aisome, na juu kabisa palikuwa na jina la Shomvi.

Mama akaifuata kwa kidole, mmoja mmoja, kama anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Alipofika chini, akaanza tena juu.