Mlango wa Bi Mwatumu

Kila mwaka, siku serikali inapoangusha nyotamkia baharini, nyumba zote za pwani hung'olewa milango ili upepo wa kishindo upite bila kubomoa kuta. Ndiyo sheria. Lakini safari hii binti yake Bi Mwatumu alikuwa ndani na kichanga kisichotimiza hata arobaini, na Bi Mwatumu alisimama kizingitini, mikono kiunoni, akimkodolea macho afisa aliyekuja na bisibisi.

"Uguse mlango huu uone!"

"Mama yangu, nisikilize," alisema afisa Lugano. "Vumbi la nyotamkia ndilo linalokuza vijimea vya bahari, na vijimea ndivyo vinavyotupa hewa. Ndivyo ilivyokuwa enzi na enzi, kabla ya binadamu."

"Enzi hizo kulikuwa na mzazi ndani? Potelea mbali na vijimea vyako!"

Lugano akawaita askari wawili. Walimsogeza Bi Mwatumu kando kama gunia, skrubu zikafunguliwa, mlango ukalazwa uani.

"Na wewe," aliuliza Bi Mwatumu, "wako umeung'oa?"

"Mimi nakaa bara, mama. Kishindo hakifiki kule."

"Hewa inafika?"

Lugano aliinama kuokota bisibisi yake.

"Inafika."

King'ora kililia. Bi Mwatumu akarudi kwenye uwazi ule, akashika miimo kwa mikono miwili, akaipa bahari kifua chake. Nyuma yake mtoto alipiga chafya.