Maganda ya Kitunguu

Winifred aliilaza karatasi ya ombi kifudifudi. Mtindo wa uandishi wa mwanafunzi wake aliujua hata bila jina. Na sheria ya kikao kile cha Baltimore ilikuwa moja: maombi ya kutumia darubini ya angani hayaandikwi majina, na mjumbe anayemtambua mwombaji hutoka nje.

Hakutoka.

Atokeje? Nyota kubwa ilikuwa imelipuka, na mwezi ujao wimbi la mlipuko lingeyagonga mawingu ya gesi ambayo nyota ile iliyatapika kabla ya kufa. Likipita, limepita. Maombi mawili yaliitaka nyota hiyohiyo, na nafasi ilikuwa ya mmoja. Odalys, mwanafunzi aliyemlea kwenye kazi hii miaka sita, asipoipata, mkataba wake unakwisha Juni bila kuongezwa. Atafungasha virago.

Ombi la kwanza lilifananisha mawingu yale na maganda ya kitunguu. Kitunguu! Si ndivyo Winifred alivyomfundisha Odalys, neno kwa neno?

"Hili la kitunguu ndilo lenyewe," alisema. "Hili jingine, loo! Linaanza na jedwali. Huyu anaomba nyota au anahesabu magunia?"

Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti, mzee Thaddeus, hakucheka.

"Mimi naona la jedwali lina hesabu safi, Winnie."

"Safi, lakini limepoa. Aliyeliandika hajiamini."

"Mbona leo umeliandama hivyo? Kuna neno?"

"Hakuna."

Aliona aibu, lakini hakurudi nyuma.

Kura zikapigwa. Kitunguu kikashinda kwa kura moja. Ndipo Thaddeus, kama ilivyo desturi, akafungua bahasha ya mshindi.

"Garrick Boland," akasoma.

Boland! Profesa mwenye ajira ya kudumu, aliyesoma na Winifred kwa mwalimu mmoja, yuleyule aliyewafunza mfano wa kitunguu. Winifred akatoka ukumbini. Basi ombi la Odalys halikuwemo kabisa?

Simu ikaita. Ujumbe, kutoka kwa Odalys.

"Mwalimu wangu, nimengoja kikao kiishe ndipo nikwambie. Naijua huruma yako. Kitunguu chako nilikiacha makusudi, usije ukanitambua ukajitia dhambini kwa ajili yangu. Mimi nilianza na jedwali."