Nungunungu Adaiwa Kitambulisho

Zamani, wanyama walipokolewa na kamari, Fisi alifungua kasino. Nungunungu alicheza kwa dau la miiba yake mwenyewe. Kila alipoliwa, Fisi alimng'oa mwiba huku akicheka, wala hakumuuliza yeye ni nani.

Siku Nungunungu aliposhinda mbuzi, Fisi akavaa miwani.

"Thibitisha kwanza kwamba wewe ni Nungunungu. Miiba iko wapi?"

"Si umeitumia kujengea ua?"

"Hiyo ni mali ya kasino. Bila miiba, wewe ni panya mnene tu."

Nungunungu akakumbuka mwiba wake wa mwisho, karibu na mkia.

"Ninao mmoja, bosi. Inama uukague."

Fisi akainama. Nungunungu akarudi kinyumenyume kwa nguvu zote.

"Uwii! Nungunungu huyu!" Fisi akalia, mwiba puani, kasino nzima ikisikia.

"Asante kwa kunitambua," akasema Nungunungu, akafungua kamba ya mbuzi wake.