Mkasi na Fundo

Bi Mwanakombo alikabidhiwa mkasi akate utepe, hifadhi ya taifa izinduliwe. Nyuma ya utepe kulikuwa na mikoko alimookota chaza tangu usichana, na wenzake walikuwa wamekuja na vikapu vyao makusudi, waone kama kweli atawafungia wasiokote tena.

"Kata tu, mama," mheshimiwa aliyemkabidhi mkasi akamhimiza.

"Mheshimiwa, kinachokatiwa utepe kinafunguliwa. Huku sisi tunafunga."

Akamrudishia mkasi, akaufungua utepe nguzoni, akaingia nao topeni hadi magotini. Akaufunga kwenye mkoko wa mbele kwa fundo la mama yake, aliyekuwa akifunga ukuti pale pale kila msimu wa samaki kuzaa, ishara kwamba pamefungwa, na mtu haingii mpaka ufunguliwe.

Nyuma yake akasikia kikapu kimoja kikituliwa chini, kisha kingine. Maji yakaanza kujaa. Mheshimiwa, mkasi mkononi, akarudi nyuma.