Lenzi Inayoona Kidogo

Opondo alitaka lenzi inayoona kidogo kuliko zote.

Chege alimtazama, kisha akatandika taulo juu ya kaunta na kupanga lenzi nne za kamera za zamani, zile za kupigia picha za filamu. Duka lake, karibu na stendi ya mabasi ya Kisumu, liliuza kamera zilizotumika.

"Watu wote huniulizia lenzi inayoona mbali," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniulizia kipofu."

"Wacha mchezo, Chege. Mazishi ni kesho."

Kamera ya video ya Opondo ilikuwa kuukuu, na mbele yake alikuwa amefunga adapta ili iweze kushika lenzi za picha. Adapta hiyo ilikula mwanga. Tena ilipindua picha: kwenye kioo kidogo cha kamera watu walionekana miguu juu, vichwa chini. Opondo alishazoea. Aliigeuza nyumbani kwenye kompyuta.

Lenzi ya kwanza, ya milimita ishirini na nane, ilionyesha Chege, rafu zake, mlango, na hata mama muuza ndizi ng'ambo ya barabara. Akaitoa haraka. Ya pili ilikuwa ya zoom. Picha ikawa giza, ikajaa chembechembe. Ya tatu haikuwa na pete ya kufungulia mwanga kwa mkono, kwa hiyo kwenye adapta haikufaa kitu.

Ya nne ilikuwa ya milimita themanini na tano. Alizungusha pete mpaka mwisho. Nyusi za Chege zikahesabika moja moja. Masikio yake yakaanza kuyeyuka. Rafu nyuma yake zikawa moshi.

"Hii."

"Unaficha nini, Bwana?"

Opondo alianza kuifungua lenzi kwenye adapta. Alikuwa mzee wa kanisa, na jambo lenyewe lilimkaa vibaya rohoni.

"Unamkumbuka Ooko? Mvuvi wa kule Seme, niliyewahi kuja naye hapa?"

"Yule wa kusimama kama korongo?"

"Huyo."

Injini ya mashua ilimwumiza Ooko mguu akiwa kijana. Tangu hapo, kila aliposimama, aliuinua mguu ule na kuegemeza unyayo wake kwenye goti la pili. Hata kwenye picha ya harusi yake alisimama hivyo.

Miezi minne iliyopita mashua yake ilikutwa imepinduka ziwani. Mwili haukuonekana. Kila asubuhi mama yake, Maximilla, alikwenda ufukweni na chupa ya uji, akamngoja. Uji alirudi nao. Yeye mwenyewe hakuwa akila, na nguo zilikuwa zikimvuka mabegani. Ndipo wazee wa ukoo walipoamua Ooko azikwe kama wanavyozikwa waliochukuliwa na maji: mahali pa mwili, ndani ya jeneza, huwekwa tunda la mti wa yago, refu, zito kama mtoto mchanga.

Mama hakuambiwa. Aliambiwa mwanawe amepatikana, ila maji yamemharibu na jeneza haliwezi kufunguliwa. Alikubali kurudi nyumbani na kula, kwa sharti moja. Mazishi yapigwe video, ili shaka ikimjia aketi na kuyatazama.

"Watu wanne watalibeba lile jeneza kama kapu tupu," Opondo alisema. "Akiliona hivyo kwenye video, atarudi ziwani. Safari hii hatutamtoa huko akiwa hai."

"Na kama Ooko yuko hai mahali?"

"Hata kama. Kwao, mtu akishazikiwa yago havuki tena lango la boma. Akiingia anawaletea watoto kifo. Hilo analijua kila aliyezaliwa pale."

Chege aliifunga lenzi kwenye gazeti.

Siku ya pili, kabla ya kutega kamera, Opondo alisimama nyuma ya jiko na kufumba macho. "Bwana, nisamehe uongo huu. Kila kilicho nyuma ya uso wa mama huyu, kifiche."

Kisha akasimama kaburini na kuelekeza lenzi usoni mwa Mama. Jeneza lilitolewa nyumbani, likapita nyuma ya kiti chake kama wingu la kahawia. Mchungaji akaomba. Udongo ukaanza kudondoka. Watu wote walitazama shimoni. Opondo peke yake alitazama upande wa pili, kidole kwenye pete, na katika kioo chake kidogo machozi ya Mama yalitiririka kwenda juu.

Jumatano aliwapelekea video. Alipoitengeneza alikuwa amekagua jeneza tu, kuhakikisha halitambuliki. Celestine, mke wa Ooko, aliiweka kwenye televisheni.

Wingu la kahawia likapita. Mama aliendelea kutazama. Kando yake kulikuwa na sahani aliyoimaliza. Opondo akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Rudisha nyuma kidogo," Mama alisema. "Simamisha hapo."

Aliinuka, akaisogelea televisheni, akakunja ncha ya leso yake na kufuta kioo, si palipokuwa na uso wake, bali juu ya bega, mbali kule nyuma. Akafuta tena.

"Kioo chenu kina uchafu hapa, Celestine. Wa buluu."

"Si uchafu, Mama," Opondo alisema. "Ni mtu. Lenzi haikumfikia."

"Huyu yuko nje ya lango. Mbona hakuingia?"

Celestine alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Ule ukungu wa buluu ulikuwa umesimama kwa mguu mmoja.