Alama ya Kuvaliwa

Inspekta Osée alinusa kwapa la triko, akacheka.

"Hakuna jasho, Mama Wivine. Hata kidogo. Na unaniambia hii iko tombola?"

"Iko tombola, chef. Zote zilivaliwa."

Mama Wivine, mfanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa na kibanda kwenye soko kuu la Kisangani. Robota lake la triko, fulana za kufumwa zenye kola, lilikuwa limepasuliwa katikati ya ofisi ya forodha kama samaki. Zikikubaliwa kuwa tombola, yaani mitumba, angeziuza na kuendelea kuishi. Zikiitwa mpya, ushuru ungemeza mtaji wake wote na kibanda kingefungwa.

Inspekta alilijua hilo, na lilimpendeza. Ndiyo aina yake: amekariri sura ya sitini na moja ya kitabu cha ushuru, ile ya nguo za kufumwa, mpaka vituo vyake, akadhani hata Mungu huwapanga watu kwa namba. Mji mzima ulikuwa ukichemka kwa joto. Yeye peke yake alitetemeka, kwa sababu klimatizeri yake, mashine ya baridi, lazima ivume mpaka kila anayeingia ajue kwamba ameingia kwa mkubwa.

"Nguo yenye kuvaliwa inaonyesha alama," alisema, "sawa mwanaume mwenye kuoa. Shingo inalegea, viwiko vinachoka. Hii imechoka wapi?"

"Iko na poda kwenye kola."

"Poda ya kiwanda!"

"Na mugongo je? Angalia, walikata toka shingo mpaka chini, wakatia kamba za kufunga."

Inspekta alimtazama kama mwalimu amtazamavyo mbuzi aliyeingia darasani.

"Mama, hiyo ni modeli! Nyinyi watu wa soko munajua nini ya modeli? Hii wanatengenezea watu wakubwa, wenye kuvalishwa na boyi."

"Ndiyo, chef," Mama Wivine alisema polepole. "Wote walivalishwa."

"Voilà! Na mukubwa wa namna hiyo anavaa triko moja mara ngapi?"

"Mara moja tu."

"Mara moja!" Alicheka mpaka tumbo likagonga meza. "Alors, ni nani alizivaa? Malaika?"

Mama Wivine alizitazama zile kamba. Jibu alikuwa nalo. Lakini likitoka na kufika sokoni, hakuna mtu Kisangani angegusa triko hata moja, hata bure. Yeye mwenyewe alizishika kwa ncha za vidole.

Inspekta alichagua moja nyeusi, laini, yenye vifungo vya dhahabu kwenye ncha za mikono. Kila robota lililopita mikononi mwake lilitoa sampuli, na kila sampuli ilifanyiwa uchunguzi wa kina, kanisani, Jumapili, juu ya kifua chake.

"Shemeji yangu anaoa Jumamosi. Hii ndiyo nitavaa."

Aliingiza mikono kwa mbele. Nguo ikampanda hadi shingoni bila yeye kunyanyua hata bega.

"Umeona? Mutu hainue hata mikono! Nifunge, mama."

Akamgeuzia mgongo, mkubwa yule, kama mtoto anayepelekwa ubatizo. Mama Wivine alifunga kamba moja baada ya nyingine, na kila fundo akalikaza mara mbili. Inspekta alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akajipenda sana, akashika muhuri wa nguo mpya.

"Bon. Sura ya sitini na moja. Utalipa, ao utaacha."

"Funga kwanza mulango, chef. Nitakuambia nani alizivaa."

Aliufunga, akitabasamu, muhuri mkononi.

"Walizikata mugongo sababu wenyewe hawakuweza tena kuinua mikono," Mama Wivine alisema. "Watu wakiisha kuwaaga, kabla ya kufunga sanduku ya maiti, wanavuliwa. Usihangaike na hizo kamba, chef, mikono yako haifike. Piga muhuri ya tombola, halafu nitakufungua."