Mkono Kifuani

"Weka mkono kifuani," ilisema sauti ya kike kutoka kwenye simu.

Siwema aliitupa simu kitandani. "Kifuani upande upi? Huyu dada vipi!" Saratani ilikuwa imepona, lakini iliondoka na titi lake la kushoto kabla hajafika miaka thelathini, ikamwachia huzuni. Hospitali ilimpa masomo hayo ya simuni ya kutuliza moyo, naye kila siku alikwama hapo hapo. Mkono ulikataa kugusa kovu.

Mama mkwe wake, Bi Mwanjaa, aliyekuwa akimenya vitunguu mlangoni, alidhani kuna mtu amepiga. Akaingia, akaiokota simu, kidole kikagusa kioo, somo likaanza upya.

"Karibu tena."

"Ahsante mwanangu, tumekaribia. Mwenzio kachoka, usimharakishe."

"Mama, hiyo imerekodiwa! Haikusikii!"

"Hata kama. Kakaribisha vizuri, aitikiwe."

"Weka mkono kifuani."

"Haya," akaitikia Bi Mwanjaa. Akafuta kiganja kwenye kanga, akakiweka juu ya kovu la Siwema. Siwema alishtuka, akaushika ule mkono autoe, kisha akabaki ameushika.

"Sasa ondoa mkono, taratibu," ikasema simu.

Safari hii Bi Mwanjaa hakuitikia.